Ziara ya mashamba ya viungo Unguja: muulizeni mtembezaji habari za majina

Jamani kama mnakuja Unguja mashamba ya viungo nendeni, ila msikubali ile ya kunusanusa majani tu. Sie tulichukuliwa na kampuni moja ya mjini, jina silitaji, na mwanzo ukawa uleule, hii iliki hii mdalasini, mara unavishwa kofia ya makuti upigwe picha, sasa mtu mchaichai umejaa uani kwake unamnusisha wa nini?

Raha ilianza mtembezaji wetu alipoulizwa haya majina ya mashamba yametoka wapi, hapo jamaa ndo akafunguka. Kumbe Marahubi ni jina la mwenye shamba, Mwarabu wa ukoo wa al-Marhubi, Sultani Barghash akalinunua akajenga jumba lake, likaja kuungua 1899 zikabaki nguzo. Kizimbani ndo kwa Saleh bin Haramil, katika watu wa mwanzo kabisa kupanda mikarafuu hapa, Sultani Seyyid Said akamnyang'anya na baadae akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa mnazi mmoja. Hapohapo Kizimbani tulimkuta mzee anageuza karafuu kwenye jamvi huku anachambua makonyo kwa vidole, tukamwamkia, akatuonesha upande wake akasema "hii eka tatu ya marehemu baba", yaani zile eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini ng'ambo ya njia bado anapaita kwa jina la bwana wa zamani. Mi hapo ndo nilipoona pesa yangu imekwenda pahala pake.

Moja tu sikubaliani nalo, kwamba pale Bububu pameitwa hivyo kwa mlio wa treni ya zamani iliyokuwa ikifika huko. Treni ile imeanza 1905, na Bi Salme binti Seyyid Said ameitaja Bububu kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886, kwa hiyo hadithi ya chemchemi kububujika inaingia akilini zaidi. Watembezaji mliangalie hili, wageni wanaondoka nalo.

Hamamu ya Kidichi ya 1850, yaani bafu la kifalme, tulipitishwa mbiombio, haifai, mle ndani kuna nakshi za ndege na maua zinataka muda. Pilau safi. Nawapa nyota tatu, na bei elewaneni kabla hamjapanda gari, na mseme mapema mnataka historia.