Duka la Kariakoo lililobandika lebo za uongo kwenye vihisi vyetu vya roboti

Siwashauri walimu wenzangu kupeleka vihisi vya zamani vya LEGO katika duka moja la elektroniki lililoko Kariakoo, licha ya tangazo lake kwamba linatambua na kupima vipuri vya roboti. Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka huko mfuko wa vihisi vya klabu yetu ya shule, vya vizazi vitatu vya roboti za LEGO Mindstorms (RCX, NXT na EV3) vilivyochanganyika, nikalipia huduma, na kijana wa kaunta akavibandika lebo kimoja baada ya kingine pasipo hata kukigeuza kimoja.

Kilichonichoma zaidi ni kihisi cha sauti cha NXT alichokiandika kuwa ni cha mwanga. Ni kweli maganda yake yanafanana, lakini cha mwanga kina lenzi na taa ndogo nyekundu mbele, na cha sauti kina maikrofoni. Wanafunzi walihangaika kipindi kizima wakitaka roboti ifuate mstari mweusi, nayo ikaupita kila mara kana kwamba haupo, mpaka darasa la jirani lilipopiga makofi na tarakimu za kwenye skrini zikapanda ghafla.

Niliporudi dukani na kumweleza kwa upole, alinijibu macho yakiwa kwenye simu: “Madam, hivi ni vya kuchezea watoto, wewe chomeka tu kitakachokubali.” Kuchomeka tu! Plagi ya NXT ya 2006 na ya EV3 ya 2013 ni ileile, yenye kishikizo pembeni badala ya katikati, kwa hiyo kihisi cha umbali cha EV3 huingia vizuri kabisa kwenye NXT na kisisomeke. Vya RCX ya 1998 navyo havina plagi hiyo kabisa. Waya wake huishia kwenye kitofali bapa chenye vipande vya chuma, jambo ambalo mtu mwenye nia ya kutazama hawezi kulikosa.

Fundi mmoja mzee alitoka nyuma ya duka. Nilimwamkia, akanipa kiti, kisha akachukua kihisi cha RCX kilichoandikwa “kitufe”, akapitisha mhimili kwenye tundu lake, akauzungusha taratibu na kunieleza kuwa hicho ni cha mzunguko, kinachohesabu hatua 16 kwa kila duru. Alivirekebisha vyote kwa subira kubwa. Kwa ajili yake naliondoa neno langu la mwanzo: nendeni, mkamwulizie yeye.

Hata hivyo, nilipodai nirudishiwe fedha ya lebo zile, kijana alikataa katakata. LEGO ilisitisha Mindstorms mwishoni mwa 2022, hivyo kihisi kinachotupwa kwa sababu ya lebo ya uongo si rahisi kupatikana tena, na hilo halikumgusa hata kidogo. Basi mkabidhini mzee huyo mkononi, na kaunta msiilipe hata senti kabla kila kihisi hakijajaribiwa mbele ya macho yenu.