Miezi 8 na kampuni ya usafi wa vyoo vya kituo chetu cha watoto: uzoefu wangu

Wiki ya sita ya mkataba, watoto wakiwa wamelala usingizi wa mchana, nilipiga magoti kwenye choo cha watoto wa miaka mitatu, tochi mkononi. Ukiwa umesimama, choo kilikuwa kinang'aa. Kioo safi, sinki jeupe, harufu ya limau imejaa mpaka koridoni. Nilipokuwa chini nikaona mengine. Ukingo wa sinki kwa upande wa chini ulikuwa na utando wa kamasi na sabuni vilivyokaukiana. Kigoda cha kupandia kilikuwa na alama za vidole pande zote, na mlango kuanzia kitasa kushuka chini ulionyesha wazi kwamba haujaonja kitambaa kwa siku nyingi. Kumbe tulikuwa tunalipia usafi wa kimo cha mtu mzima.

Mimi ni msimamizi wa kituo cha kulelea watoto mchana. Tuna watoto zaidi ya 40, vyoo vitatu na meza moja ya kubadilishia nepi. Zamani walezi ndio waliosafisha kwa zamu, kila mmoja na mtindo wake, tukachoka. Kampuni tuliyoichukua inakuja mara mbili kwa siku: saa 6:30 mchana, na jioni watoto wakishaondoka. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mengi yaliyonikera tumeyamaliza tukiwa tumekaa mezani, na baadhi, kama mtakavyoona, yalikuwa makosa yetu wenyewe.

Nianze na ninachowasifu. Walikuja na vitambaa vya rangi: vyekundu kwa choo chenyewe, vya njano kwa sinki na koki, vya bluu kwa milango na kuta. Kitambaa chekundu hakijawahi kuonekana kwenye sinki, hata siku moja. Wanaanza na palipo safi wanamalizia na palipo pachafu, na choo ndicho cha mwisho kuguswa. Dekio linaning'inizwa likauke badala ya kulowa ndani ya ndoo usiku kucha. Walezi wetu walikuwa wanafuta kila kitu kwa tambara moja (na mimi nilikuwa mmoja wao), kwa hiyo hilo peke yake lilikuwa nafuu kubwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa dakika. Dawa yao ya kuua vijidudu ina maelezo kwenye kibandiko: sehemu ibaki na majimaji kwa dakika 10. Dada wa usafi alikuwa anapulizia na kufuta papo hapo. Siku moja nilisimama pembeni na saa nikahesabu sekunde 12. Ukiifuta mapema hivyo, umeeneza harufu tu. Lakini simlaumu sana yule dada. Saa 6:30 watoto wako mlangoni wamebana miguu, na wengine hawana hata dakika moja ya kusubiri, seuze 10. Tulichofanya ni kufunga choo kimoja kimoja kwa zamu, na kwa usafi wa mchana kampuni ikabadilisha dawa ikaleta ambayo kibandiko chake kinataka dakika moja. Ile ya dakika 10 inatumika jioni, nyumba ikiwa tupu. Faida nyingine ni kwamba hakuna tena kupulizia dawa hewani watoto wakiwepo. Tuna wawili wenye pumu, na mama wa mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza maswali. Mchana dawa inamiminwa kwenye kitambaa kwanza.

La pili sikulijua kabla. Dawa yao ya kawaida si ya klorini, ni ya kundi la amonia ya kwatenari, na vitambaa vya pamba huifyonza dawa hiyo na kuishikilia, kwa hiyo kinachofika ukutani ni hafifu kuliko kilichochanganywa ndooni. Niliuliza baada ya kuona karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi, zikionyesha ndoo iko sawa asubuhi, kisha baada ya kuloweka vitambaa nguvu imeshuka. Msimamizi wao alikubali bila ubishi, wakaleta vitambaa vya nyuzi laini vinavyofaa kwa dawa ile. Kampuni inayokubali kupimwa mbele yako, kwangu hiyo ina alama ya ziada.

Kisha ikaja wiki ya kutapika. Watoto watatu ndani ya siku mbili, halafu mlezi mmoja. Hapo niliona tofauti kati ya usafi wa kila siku na usafi wa dharura. Virusi vya aina ya noro, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoangusha vituo kama chetu, haviogopi jeli ya mikono ya alkoholi, na dawa nyingi za kawaida haziviwezi. Kampuni ikaleta klorini, lakini siku ya kwanza waliimwaga moja kwa moja juu ya matapishi. Klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu. Kwanza unaokota na kufuta kwa taulo za karatasi ukiwa na glavu, unaosha kwa sabuni, unasuuza, ndipo klorini inakuja na kuachwa ifanye kazi. Tuliwasimamisha, wakarudia upya. Tangu hapo mchanganyiko wa klorini unatengenezwa upya kila siku, kwa sababu ukishachanganywa na maji hupungua nguvu, na wa jana unamwagwa hata kama chupa imejaa. Na nilikataa katakata chupa yao ya asidi ya kung'arishia choo ikae kabati moja na klorini. Vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu, na choo cha watoto ni chumba kidogo.

Harufu ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Choo cha pili kilinuka mkojo hata dakika tano baada ya kusafishwa, na jibu la kampuni lilikuwa limau zaidi. Kumbe sababu zilikuwa mbili na hakuna iliyohusu limau. Tundu la kutolea maji sakafuni lilikuwa limekauka, ule mkunjo wa bomba unaoshika maji ili hewa ya maji taka isipande ulikuwa mtupu. Sasa tunamimina maji humo kila wiki, basi. Ya pili ni kwamba silikoni kwenye kitako cha choo ilikuwa imepasuka, na mkojo wa wavulana wanaojifunza kusimama ulikuwa unaingia chini yake. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi bomba, lakini mtu anayeinama pale mara mbili kwa siku angeweza kuniambia.

Ukaguzi ulikuja bila taarifa, mwezi wa tano. Mkaguzi hakutazama kioo kabisa. Aliweka kipimajoto chini ya koki ya watoto (mpaka wake ni nyuzi 49, tulikuwa na 43), akabonyeza kila kisanduku cha sabuni, akafungua kabati la chini ya sinki. Humo akakuta chupa ya kupulizia yenye maji ya bluu, haina kibandiko, kabati halina kufuli. Ilikuwa yetu. Mlezi aliiacha humo ile wiki ya kutapika. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akaomba daftari la usafi, akalitazama, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa 8 mchana na sahihi za jioni zilikuwa zimeshawekwa, zote, kwa wino mmoja. Hilo lilikuwa la kampuni. Tulipita kwa onyo, na nilipiga simu siku hiyo hiyo.

Tangu hapo napima mwenyewe kwa jeli isiyoonekana ambayo inang'aa ukiimulika kwa tochi ya urujuanimno. Naipaka kwa siri sehemu 10 jioni moja, kesho yake nacheki zipi zimefutwa. Mara ya kwanza zilifutwa 4. Zote sita zilizobaki zilikuwa chini ya kiuno changu: mpini wa kuvutia maji, kitasa cha chini, kigoda, ukingo wa sinki, kisanduku cha taulo za karatasi, ubavu wa meza ya nepi. Sikumfokea mtu. Nilimwita yule dada, nikazima taa, nikamulika. Alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani hapo hapaguswi." Siku hizi zinafutwa 9, na ya 10 karibu kila mara ni upande wa chini wa kigoda.

Ningewapa nyota tatu na nusu, na mkataba tumeuongeza. Kwa mwenye kituo anayefikiria kampuni ya namna hii: uliza dawa yao inataka dakika ngapi na nani atazisubiri, uliza nani anasaini daftari na saa ngapi, na makabati yako uyafunge mwenyewe. Sisi tuliongeza kifungu kimoja tu, kwamba msimamizi wao aje kila mwezi na ukaguzi wake aanzie magotini. Alipokisoma alicheka. Mwezi uliopita alikuja, akakunja suruali, akashuka chini, na akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinuka aliomba kitambaa cha bluu.