Nta ya Collinite 845: Kinga ya Rangi Inayodumu Kuliko Mng'ao Wake

Nta nyingi za magari husifiwa kwa mng'ao, na wanunuzi wengi huzichagua kwa mng'ao huo huo. Mimi hupima nta kwa jambo jingine: gari likishaoshwa mara nyingi, likapigwa na jua kali na mvua, je, bado kuna kitu kilichobaki kati ya rangi na uchafu? Kwa kipimo hicho, Collinite nambari 845, nta ya kimiminika inayotengenezwa Marekani na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1936, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetunza gari lake kwa mikono yake mwenyewe.

Chupa yake imeandikwa Insulator Wax, kwa sababu nta hii ilibuniwa kwa ajili ya vihami vya umeme, vile vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo, ambavyo vikishika uchafu kisha vikalowa huweza kupitisha umeme usikotakiwa. Kazi hiyo ilihitaji kitu kinachofukuza maji na kustahimili hali ya hewa bila kupakwa upya kila mara, na sifa hizo hizo ndizo bodi ya gari inazozihitaji.

Ndani yake mna karnauba iliyochanganywa na polima, yaani kemikali za kiwandani zenye molekuli ndefu kama minyororo. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili, nayo ni miongoni mwa nta ngumu kuliko zote za asili: huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa boneti jeusi linaloshinda juani. Hata hivyo, karnauba peke yake haikai sana. Polima ndizo zinazoishikilia, na ndiyo maana nta hii hudumu miezi kadhaa pale ambapo nta za mkebe zilizo karibu karnauba tupu huisha baada ya wiki chache.

Matokeo yake hutegemea mno maandalizi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza nta yao. Rangi ya gari la kisasa hufunikwa na tabaka la vanishi angavu ambalo kwa kawaida lina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani jembamba kuliko unywele, na kila chembe ya mchanga inayokokotwa juu yake kwa kitambaa huacha mkwaruzo. Gari lioshwe kwa shampuu ya magari na ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji, kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa sehemu za chini ndizo zenye mchanga mwingi. Likishasuuzwa, pitisha kiganja taratibu juu ya boneti: ukihisi vijipunje ambavyo havikutoka kwa maji, hivyo ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, utomvu wa miti au lami, na hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi unaoteleza juu ya kilainishi. Nta ikipakwa juu ya uchafu huo hushika uchafu, na uchafu ukiachia, nta nayo huondoka.

Upakaji wenyewe ni mwepesi, mradi mtu ajizuie. Tikisa chupa vizuri, tia matone machache kwenye sponji laini, kisha upake kivulini bodi ikiwa imepoa, kwa tabaka jembamba kiasi kwamba unaliona tu ukiinama na kulitazama kwa ubavu. Tabaka nene halilindi zaidi, maana kinachobaki ni kile tu kinachoshikana na rangi. Kilichozidi huishia kwenye kitambaa, tena baada ya kusugua kwa nguvu. Paka sehemu moja au mbili kwa wakati, subiri ukungu wa nta ukauke, uguse kwa kidole, na kidole kikiteleza bila kuburuta michirizi, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Ikifutwa kwa wakati huo hutoka kwa urahisi unaofurahisha kweli. Ikiachwa ikauke kupita kiasi juani, huwa ngumu. Iepushe na plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, kwani huacha weupe usiotoka upesi.

Baada ya hapo maji hujikusanya matone ya duara na kuporomoka, na tope hutoka kwa msukumo wa maji kabla sponji haijagusa rangi. Faida hii ya pili naithamini kuliko matone yenyewe, kwa sababu kadiri unavyosugua kidogo ndivyo mikwaruzo inavyopungua. Kwenye rangi nyeusi na nyekundu nta hii huongeza kina kinachoonekana wazi. Kwenye nyeupe na ya fedha tofauti ni ndogo. Haifuti mikwaruzo iliyokwisha kuwapo, kwani hiyo ni kazi ya polishi, ambayo hukwangua sehemu ya vanishi na lazima itangulie. Kinyesi cha ndege nacho kisiachwe kwa kuamini nta: asidi iliyomo, ikisaidiwa na joto, inaweza kulipenya tabaka na kuila vanishi, kwa hiyo kilainishwe kwa maji na kuondolewa siku hiyo hiyo.

Silanti, yaani kinga za rangi zilizotengenezwa kwa polima tupu bila nta, kwa kawaida hudumu zaidi na hung'aa kama kioo, lakini zinataka rangi iliyo tupu kabisa, isiyo na mafuta wala nta ya zamani, na nyingi huhitaji saa kadhaa bila kuguswa na maji ili zikomae. Anayetaka vyote viwili apake silanti kwanza, aiache ikomae, kisha aweke 845 juu yake. Akigeuza utaratibu huo, silanti haitashika. Mwenye gari linalolala nje mwaka mzima na ambaye hana muda wa kurudia kupaka atafaidika zaidi na silanti au kinga ya kauri, kimiminika kinachokauka na kuwa tabaka gumu juu ya rangi. Anayefurahia kushinda nusu siku na gari lake mara chache kwa mwaka anunue 845, na kwenye baridi inapoganda chupani, aiweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuitikisa.