Uchambuzi: Jeanne Dielman, dakika 201 za kazi za nyumbani

Karibuni wadau, hapa ni Mwanza, na leo tunachambua filamu ambayo wengi huianza na wachache huimaliza. Jina lake refu: Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ndiyo, hiyo ni anwani ya nyumba, pamoja na msimbo wake wa posta. Imetoka mwaka 1975, mwongozaji ni Chantal Akerman wa Ubelgiji, lugha ni Kifaransa, urefu ni dakika 201. Sasa je, inastahili uniti zako za LUKU?

Inastahili, lakini kwa sharti: siku ya kwanza usiiruke na usiipeleke mbio. Ukigusa kitufe cha kuongeza mwendo kwenye siku ya kwanza, umeshaiua filamu nzima, na nitakuonyesha kwa nini.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mama mjane anaishi ghorofani mjini Brussels na mwanawe wa kiume, Sylvain, ambaye bado anasoma. Mama anapika, anaosha vyombo, anatandika, anang'arisha viatu vya mwanawe, anakwenda posta na dukani, anamshikia jirani mtoto mchanga kwa muda. Na kila alasiri anapokea mwanamume chumbani, tofauti kila siku, ambaye anamlipa. Hela anaitia kwenye bakuli kubwa la supu lenye mfuniko, pale juu ya meza ya kulia. Filamu inamfuata kwa siku tatu. Mhusika anachezwa na Delphine Seyrig, ambaye wakati huo tayari alikuwa nyota Ufaransa, na kumwona nyota akimenya viazi bila kumwangalia mtu ni nusu ya utamu.

Kamera imesimama. Haizunguki, haimfuati, haimsogelei usoni pale anapohuzunika. Imewekwa chini kidogo, ikitazama ukuta moja kwa moja, na yeye anaingia, anafanya kazi, anazima taa, anatoka. Muziki wa kukuambia sasa ogopa, sasa lia, haupo. Muziki unaousikia ni ule tu unaotoka kwenye redio yao ya nyumbani.

Turudi kwenye siku ya kwanza. Filamu inaanza viazi vikiwa vinatiwa jikoni. Kengele inalia, mgeni anaingia, wanaelekea chumbani, mlango unafungwa. Mgeni anatoka, analipa, hela inakwenda kwenye bakuli. Mama anafungua dirisha la chumba, anaoga, anasugua bafu lenyewe, na viazi vimeiva sawasawa. Muda wa mgeni na muda wa viazi vimepimwa vikaoana. Hakuna anayekuambia hilo. Unaachwa uzoee: taa inawashwa akiingia, inazimwa akitoka, mfuniko unarudi juu ya bakuli. Ni dakika nyingi na hakuna kinachotokea, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Lakini unafundishwa kipimo, maana bila kumwona mtu akifanya kazi yake sawasawa, siku akikosea hutajua.

Siku ya pili mgeni anakaa muda mrefu zaidi. Mama anatoka chumbani nywele zimevurugika, mfuniko wa bakuli anausahau wazi, na viazi vimeiva kupita kiasi. Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo kilele cha filamu: anaibeba sufuria, anatoka nayo jikoni, anazunguka nayo, anairudisha, hajui aiweke wapi. Mama huyu ambaye kila kitu kina mahali pake ameshika kitu kisicho na mahali. Mtazamaji wa hapa atauliza, mbona asiviponde tu vikaliwa? Swali zuri, na mtu yeyote anayejua jiko angeliuliza. Ila kwake kuponda ni kukubali kwamba ratiba imevunjika. Anaona afadhali kuvimwaga, kushuka kununua vingine, na kuanza kumenya upya huku chakula cha jioni kikichelewa. Na namna anavyovimenya sasa, angalia mkono. Kisu kinasitasita. Mtu aliyezoea kupara sato anajua mkono unaofanya kazi wenyewe, na anajua pia siku mkono huo umekataa.

Siku ya tatu sitaisema yote. Nitakupa vya kuangalia tu. Kifungo kimoja cha joho lake la nyumbani kiko wazi. Brashi ya viatu inamponyoka. Anafika posta kabla haijafunguliwa, kwa sababu amewahi kuamka na sasa ana saa moja ya ziada isiyo na kazi. Kahawa haimwendei, anaimwaga, anapika nyingine. Mgahawani, kiti chake cha kila siku kimekaliwa na mwanamke mwingine. Mtoto wa jirani akimbeba analia. Halafu kuna kifurushi kutoka kwa dada yake aliyeko Kanada: anakifungua chumbani kwa mkasi, kengele inalia. Angalia mkasi unaachwa wapi. Basi, naishia hapo.

Kuna wanaosema mwisho wa filamu ndio unaoipa maana. Mimi naona kinyume. Tukio la mwisho ni kali, sawa, lakini ni la aina ambayo filamu nyingine zinalo. Sufuria ya viazi huipati kwingine. Na kama kuna udhaifu, ni mazungumzo ya usiku kati ya mama na Sylvain, yanayosemwa kwa sauti bapa kama watu wanasoma barua. Ni makusudi, lakini mara mbili tatu yanatoa maelezo ambayo jiko lilikwisha kuyatoa vizuri zaidi.

Jambo moja ambalo mtazamaji wa kanda ya ziwa ataliona haraka: huyu mama yuko peke yake mno. Ana gesi, ana maji ya moto ya bomba, ana lifti. Mama anayekaa kule mlimani Mabatini au Igogo, anayepandisha ndoo ya maji kati ya mawe, atamwonea wivu. Lakini kule uani kuna majirani watano na majiko matano, viazi vikianza kuungua kuna mtu atapaza sauti, “Mama fulani, sufuria!” Huyu hana wa kumpazia sauti. Hata jirani mwenye mtoto tunamsikia tu mlangoni bila kumwona, na sauti ile, kwa taarifa yenu, ni ya Akerman mwenyewe.

Sasa namna ya kuiangalia. Simu hapana. Yote niliyoyataja, mfuniko, kifungo, mkasi, ni vitu vidogo kwenye picha pana, na kwenye kioo cha simu vinapotea. Tumia runinga. Picha ina uwiano wa 1.66 kwa 1, maana yake kwenye runinga ya kawaida utaona mistari myeusi myembamba pembeni; iache, usiivute picha ijae, utakata vichwa au utawanenepesha watu. Ingia kwenye mipangilio uchague modi ya sinema, na uzime kile kinacholainisha mwendo. Angalia usiku au funga mapazia, kwa sababu mwisho kuna picha ndefu, zaidi ya dakika tano, ya mtu amekaa karibu gizani, na mwanga wa bluu unaoingia kutoka nje ukichezacheza ukutani. Mchana na jua letu hili utaona kioo tu na uso wako.

Sauti ni muhimu kuliko unavyodhani: visigino sakafuni, swichi, bomba, lifti. Hatua zake zikianza kwenda mbio utazisikia kabla hujaziona. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Mapumziko yapo ya asili, maana kila siku ikiisha yanatokea maandishi ya kusema imeisha. Simamisha pale, si katikati ya upishi. Mazungumzo ni machache, hivyo maandishi ya chini hayachoshi. Mtafsiri wa kibanda umiza angelala kwenye filamu hii. Na watoto wasiwepo: kuna kuoga, kuna tendo la ndoa, kuna damu.

Kwa vijana mnaopiga filamu hapa jijini, maana najua mtatamani kuiga. Akerman alikuwa na miaka 24, na waliofanya kazi naye wengi walikuwa wanawake: kamera ilishikwa na Babette Mangolte, uhariri ukafanywa na Patricia Canino. Mwaka 2022 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza, inayofanyika kila miaka 10 tangu 1952, iliiweka nafasi ya kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ya mwongozaji mwanamke kufika hapo. Hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kusimamisha kamera kunatosha. Hakutoshi. Kosa la kwanza ni kuanza na siku mbaya. Onyesha kwanza kazi ikifanyika sawa, yote, mwanzo hadi mwisho. Kosa la pili ni la kiufundi. Simu ikiachwa ijipangie mwanga, mhusika akizima taa picha itajiangaza yenyewe na tendo la kuzima litakuwa halina uzito, kwa hiyo funga mwanga na fokasi kabla ya kuanza. Chumba kikiwa kidogo usikimbilie lenzi pana, inapinda fremu za milango. Toa mlango kwenye bawaba, simama nje na upige kupitia uwazi wake. Mawingu ya ziwani hubadilisha mwanga wa dirishani ndani ya dakika mbili, hivyo kwa shoti ndefu funika dirisha kwa pazia jepesi na utegemee balbu. Na chomoa friji, mngurumo wake hautoki kwenye uhariri.

Kama dakika 201 bado zinakutisha, au bando halitoshi, anza na Saute ma ville. Akerman aliitengeneza mwaka 1968 akiwa na miaka 18, ni dakika 13, nyeusi na nyeupe, na anacheza mwenyewe: msichana anaingia jikoni na kufanya kila kazi ya nyumbani kombo, huku akiimbaimba. Ikikuchekesha na kukutia wasiwasi kwa pamoja, weka uniti, tafuta usiku usio na mvua, na uanze hii ndefu.