Kujifunza uhunzi Mamba, Marangu: moto wao mzuri, ila meza ya kuuzia ndo funzo lenyewe

Kwa wale mnaoniuliza kila nikiweka status ya zile ndoano za kutundikia na vifungulio vya soda kwamba nimejifunzia wapi, ni Mamba, huko juu jirani na Marangu, kwa wahunzi wa Kichagga. Leo naandika yote kwa mpigo, bei, mazuri na mabovu, ili tusirudierudie. Jina la karakana sitaji, ni ya familia na huko ziko kadhaa, na kwa kuwa kuna vitu nitavilalamikia hapa chini sitaki mtu aonekane mbaya. Ukifika we uliza wahunzi wako wapi utaonyeshwa, na mara nyingi kabla hujauliza utakuwa ushasikia nyundo.

Usafiri hausumbui. Ukiwa Moshi mjini panda gari za Marangu, unapita Himo, unashuka Marangu Mtoni, kuanzia pale ni bodaboda. Mvua ikiwa imenyesha dereva atakwambia uongeze hela kwa sababu ya utelezi, mpe tu.

Sasa muelewe kitu kimoja kabla hamjalipa. Wageni wengi wanaofika pale ni watalii ambao wanaunganishiwa safari moja na maporomoko ya maji na makumbusho ya Wachagga, wanakaa nusu saa, wanashika nyundo wanagonga kidogo, wanapigwa picha, wanasepa. Hiyo ndo huduma waliyoizoea. Mi nilichotaka ni kingine, nilitaka nikae nifue chuma mpaka kitoke kitu cha kueleweka, na nikiweza nikiuze, kwa sababu nyumbani nina boksi zima la vitu nimetengeneza vinaota kutu maana naona aibu kuvitangaza. Kwa hiyo piga simu au tuma mtu mapema useme unataka KUJIFUNZA, siyo kutembea, mpatane bei kabisa. Mi tulipatana elfu 40 kwa siku, mkaa na chuma juu yao, na mchana mtori wa moto. Kwa kazi ile naona ni bei poa, jioni mkono wa kulia hata kuchana nywele ulikuwa hautaki.

Karakana yenyewe ni banda la mabati, sakafu ya udongo, moto uko chini kabisa kwa hiyo unafanya kazi umechuchumaa au umekalia kigoda. Mivukuto ni miwili ya ngozi ya mbuzi, kijana anakaa nyuma anabonyeza huu anaachia huu, upepo unapita kwenye bomba unaingia katikati ya mkaa, na akishika mdundo wake moto unanguruma kabisa. Pembeni wana feni ya umeme pia, siku ya oda nyingi ndo inayopiga kazi, mivukuto inapewa heshima zaidi wageni wakiwepo. Sijaona ubaya wowote hapo, hata mi kwangu natumia feni.

Mzee mwenye karakana ni mtu wa maneno machache lakini ukimpa shikamoo ya adabu na ukaonyesha hujaja kucheza anafunguka. Alinieleza kwamba zamani chuma chao kilitoka Ugweno, Upareni, Wapare wakiyeyusha mawe ya chuma na Wachagga wakinunua kwa ajili ya mikuki na majembe. Siku hizi Upare wao ni gereji, springi za magari zilizochoka na vipande vya nondo. Na hapa ndo kuna somo ambalo watu wengi wa hobi hii wanaliruka, nondo ya kawaida ni nzuri kwa ndoano, vitasa, vishikio vya mapazia, inapinda vizuri haikusumbui, lakini ukiifanya kisu itakuaibisha, makali hayakai. Kisu au mundu unataka springi, ile ina kaboni kama nusu asilimia hivi au zaidi kidogo, ndo inayoifanya iwe ngumu ukiipasha moto ukaipoza haraka.

Mi nilibeba sumaku yangu, kwa sababu nilisoma kwamba chuma kikifika kama nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena, ukizidisha kidogo hapo ndo unapoza. Mzee akaiangalia ile sumaku, akaniambia niiweke chini, akakivuta kile chuma akakiinamisha kwenye kivuli cha mlango ambako kuna giza, akakiangalia. "Bado." Akakirudisha. Akakitoa tena, "bado." Mara ya tatu akasema haya jaribu na kidude chako, nikajaribu, sumaku haikushika. Aisee nilicheka peke yangu. Ila siri niliiona, ni kile kivuli, ukiangalia rangi ya chuma juani unadanganyika, kinaonekana hakijaiva kumbe kimeshapitiliza.

Kutokea hapo walikipoza kwenye maji, na hapa mi na wao hatukubaliani. Springi ukiitumbukiza kwenye maji inaweza kupasuka, mipasuko mingine midogo huioni mpaka siku kisu kinavunjika, mi nyumbani natumia oili iliyopashwa moto kidogo. Mzee alisema baba yake alitumia maji, hoja ikaishia hapo. Halafu ile hatua ya kukirudishia joto dogo ili kisiwe kigumu cha kuvunjika waliipitia haraka haraka mno. Kama ndo umefuata hiyo, komaa nao wakuonyeshe taratibu: unasugua upande mmoja kwa jiwe mpaka ung'ae, unakisogeza jirani na moto, rangi zinaanza kutembea zenyewe juu ya chuma, njano hafifu, kahawia, zambarau, mwisho buluu. Kwa kisu cha jikoni unasimamisha kwenye njano, ambayo ni nyuzi mia mbili na kitu. Ukiona buluu ujue umefika karibu na 300, makali yameshalainika.

Haya, meza sasa, maana kama ni moto tu ningewapa nyota 3.

Mlangoni kuna meza ndefu ya mbao, juu yake mikuki, visu, kengele za ng'ombe, vikuku. Mzee alinambia kila nilichotengeneza nikiweke pale pale katikati ya vitu vyao na nikae kwenye benchi mwenyewe. Nikamwambia mzee mi bado najifunza, akajifanya hajasikia. Wakaja wazungu wawili na mtu anayewatembeza, huyo mtembezaji akashika kifungulio changu akauliza shilingi ngapi, nami kama kawaida yetu sisi watu wa kutengeneza vitu nikaanza, unajua hiki nimejifunzia leo, hapa pamepinda kidogo, kama mtakipenda nipeni hata elfu tano. Mzee akaingilia kati kwa upole tu, mbele yao, akasema, "Binti, umeulizwa bei. Hujaulizwa kasoro."

Hiyo sentensi nimeibeba mpaka Arusha. Fikirieni wenyewe ni mara ngapi mtu anakuuliza bei ya kitu ulichofuma au kushona au kufua, na jibu lako linaanza na udhaifu wake, mteja hakuuona, we ndo unamshika mkono unampeleka akauone. Mzee akachukua usukani, akawaambia elfu 20, halafu akawaonyesha kipande cha springi kibichi kama kilivyotoka kwenye gari na kifungulio pembeni yake, kwamba hiki ndo kilikuwa hiki. Akanyamaza. Yule mtembezaji akasema mzee fanya kumi. Mzee hakupunguza hata mia, akachukua kandoano kadogo kamesokotwa, nilikatengeneza kwa kipande cha nondo kilichobaki, akakaweka juu ya kifungulio: bei ni ile ile, hii nyongeza. Wakachukua vifungulio viwili. Nyongeza sote tunaijua sokoni kwenye nyanya na dagaa, ila sikuwahi kufikiria kuitumia kwenye vitu vyangu, na tofauti ni kubwa sana, maana ukipunguza umekubali kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo, ukiongeza mteja anaondoka na furaha na bei yako bado imesimama kwa mteja atakayefuata.

Jinsi ya kufikia hiyo bei pia alinipa, na mi ni mhasibu kwa hiyo nilisikiliza kwa makini. Yeye hahesabu kwa masaa, anahesabu kwa debe la mkaa. Debe moja limetoa vitu vingapi vya kuuzika? Gawanya, weka chuma, weka ujira wa kijana wa mivukuto, halafu na wewe ujilipe ujira ule ule kwanza kabla hujaita faida. Ndoano moja ikikula debe zima hiyo ni ya kujifunzia, katundike kwako. Ukifanya hesabu hii utagundua kuna vitu unavipenda kuvitengeneza ambavyo haviwezi kukulipa hata siku moja, na kuna vidude vya kawaida kabisa vinalipa. Kwangu mimi majani ya chuma ya kuning'iniza funguo yanalipa kuliko visu, inauma ila ndo hivyo.

Na kuhusu watalii, wanapenda sana mkuki ila wanawaza begi. Ule wa Kimasai unafunguka vipande vitatu, jani, mti wa katikati na ule mchuma mrefu wa chini, kwa hiyo anayejua kuuza anaufungua mbele ya mteja na kuufunga tena, nusu ya wasiwasi inaisha, na anamwambia ukweli kwamba lazima uende kwenye begi kubwa, ndani ya ndege hawauruhusu. Vitu vidogo visivyo na ncha havina hayo maneno, ndo maana vinatoka haraka.

Ila kama unataka kujiamini kweli kweli usiishie kwa watalii. Alikuja mama mmoja wa jirani na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, huko ng'ombe wanafugiwa ndani kwa hiyo majani yanakatwa kila siku, akaukuta wa kwangu mezani. Hakuuliza umetoka wapi wala nani kautengeneza. Akapitisha kidole gumba, akaupinda kwenye goti, akatoka nje akakata fungu la majani kwenye kingo ya shamba, akarudi, akasema mpini mfupi, nibadilishie. Nikabadilisha akalipa elfu nane bila kelele. Mtalii ananunua stori, yule mama alinunua makali, na ile elfu nane ilinipa kichwa kikubwa kuliko elfu 40 za wazungu, mnisamehe.

Mabovu sasa. Miwani ya kukinga macho hakuna, kabisa, na vijana wanafua na ndala huku magamba ya moto yanaruka, we nenda na miwani yako, viatu vya kufunika na nguo za pamba, usivae zile za kung'aa zinayeyukia mwilini. Kuna wakati kijana alitaka kupasha bomba la maji lenye zinki, nikatoka nje, na nyie mtoke, ule moshi mweupe unaleta homa na kifua usiku mzima. Saa za kuanza ni za kukadiria. Watalii wakiingia somo linasimama, wote wanawahudumia wao, unabaki na koleo mkononi chuma kinapoa, kwa mtu aliyelipia siku nzima inakera. Risiti hakuna. Lipa namba ipo ila siku nyingine mtandao haupo, beba keshi.

Nyota 4 kati ya 5. Anayetaka kuwa fundi wa visu tu atatoka na maswali kibao. Anayefua chuma nyumbani kwa kupenda na vitu vinajaa ndani kwake kwa sababu anaogopa kutaja bei, aende hata kesho.

Kwa watakaotaka kuendelea nyumbani, kuanza hakuhitaji mambo makubwa. Fuawe langu, yaani kile chuma cha kugongea juu yake, ni kipande cha ekseli ya lori nimenunua kwa wauza skrepa, nimekisimamisha kwenye gogo. Mtu akikuletea kipande cha reli kwa bei ya kutupa achana naye, hiyo imeng'olewa njiani na kesi yake siyo ya mchezo. Feni ni ile ile ya wachoma mishkaki.

Jumapili asubuhi msiende, wako kanisani. Muda wa kwenda kama unataka kuuza kwa wenyeji ni Desemba kuanzia katikati, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kila mahali, kila boma linachinja, na kila mtu anagundua siku hiyo hiyo kwamba kisu chake ni butu.