Matembezi ya Historia Shela: Yanafaa, ila Hadithi Hukatizwa Mapema

Wageni wengi wanaofika Lamu huichukulia Shela kuwa ni ufuo na nyumba za kulala wageni tu, ilhali mji huo mdogo, ulio kiasi cha kilomita 3 kutoka mji mkongwe, ndipo siasa ya mwambao mzima ilipogeuka. Kwa sababu hiyo niliona heri kumlipa mwongoza watalii mwenyeji; tukapatana bei gatini, kisha tukafuata njia ya pwani kwa miguu.

Kazi yake bora aliifanya mchangani. Alichukua kijiti akachora ufuo, vilima vya mchanga na mahali majahazi ya Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yaliposhusha askari wa kuishambulia Lamu karibu na mwaka 1813. Halafu akaufuta mstari wa maji kwa kisigino na kuuchora upya mbali zaidi, kuonyesha jinsi bahari ilivyokupwa ikaviacha vyombo vimekwama, hata walioshindwa wakakosa njia ya kutorokea. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kipigo chetu kilisimuliwa kwa utamu uliozidi kidogo, lakini sijawahi kuelezwa vita hivyo kwa uwazi namna ile.

Katika Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, alitusimamisha nje na kutueleza kwa nini mnara wake, mnene chini na mwembamba juu, ni kitu cha pekee katika kisiwa ambacho misikiti yake mingi ya zamani haina minara. Hapo pia ndipo alipogusia kwamba wenyeji wa Shela wanatokana na watu wa Takwa, mji wa kisiwa cha Manda uliohamwa katika karne ya 17, na kwamba bado huenda huko kuzuru kaburi la mnara, yaani lenye nguzo ndefu, na kuomba mvua.

Kasoro yake ni kwamba hadithi ilikomea kwenye ushindi. Waamu, yaani watu wa Lamu walioshinda vita hivyo, kwa kuhofia Wamazrui wasirudi kulipiza kisasi, walimwomba msaada Seyyid Said wa Maskati, mtawala wa Oman, naye akawapelekea liwali na askari. Ngome iliyopo mjini Lamu ikakamilika mwaka 1821, na kufikia 1837 Wamazrui wenyewe walikuwa wameng'olewa Mombasa. Kumwacha msikilizaji ufuoni akishangilia, bila kumwambia kwamba ushindi ule ndio uliomfungulia Mwomani mlango, ni kumpunja. Vivyo hivyo, vilima vya mchanga vilitajwa kama uwanja wa vita tu, ingawa ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotegemewa na mji wa Lamu. Muda huo tuliupoteza mbele ya milango ya nyumba zilizonunuliwa na matajiri wa nje, tukielezwa nani alikarabati nini.

Hata hivyo malipo hayakuniuma, na ningempendekeza kwa yeyote atakayemtaka mapema aendelee na hadithi hadi ngomeni. Muhimu ni kuuliza saa za maji kabla ya kupatana: njia ya pwani hupitika vizuri maji yakiwa yamekupwa, ilhali mashua ya kwenda Takwa huhitaji maji yaliyojaa ili ipenye kwenye mikoko, kwa hiyo anayeahidi safari zote mbili katika asubuhi moja aulizwe vizuri.