Darasa la kazi za mikono la Jumamosi hapa Lindi: uzoefu wangu baada ya muhula mzima

Wazazi kadhaa hapa Lindi mjini wameniuliza kuhusu lile darasa la kazi za mikono linalofanyika Jumamosi asubuhi kule Mtanda, chini ya mwembe, kama lina maana au ni kutupa pesa. Binti yangu yuko darasa la pili, na mtoto wa dada yangu yuko darasa la kwanza. Wote wawili wamehudhuria muhula mzima, na mimi mara nyingi nimebaki pale pale kuangalia badala ya kuwaacha na kwenda sokoni. Lina maana kubwa. Kuna jambo moja tu lililoniudhi, la siku ya maonyesho, nalo nitalisema.

Ada ni shilingi 4,000 kwa Jumamosi, vifaa vikiwa humo humo. Wanapokea watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Walimu ni wawili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na bibi mmoja msukaji wa mikeka, pamoja na vijana wa kuwasaidia.

Kilichonivutia kwanza ni vifaa. Niliwahi kununuliwa boksi la kazi za mikono kutoka Dar, zuri kwa macho, lakini kila kitu ndani kilikuwa kimeshakatwa na kutobolewa. Kazi ya mtoto ni kubandika tu, na jioni moja likaisha. Hapa hakuna kilichokatwa tayari. Kuna vijiti vya chelewa, makuti mabichi, ukindu, maboksi ya dukani, vifuu, udongo wa mfinyanzi na malapa yaliyokatika, ambayo huwa matairi ya magari ya boksi. Hata gundi wanapika wenyewe. Unga wa muhogo unakorogwa kwanza kwa maji ya baridi usifanye madonge, halafu unawekwa kwenye moto mdogo na kukorogwa mpaka uache weupe na kuanza kung'aa. Mwalimu anashika sufuria, watoto wanapokezana mwiko. Ikipoa inashika karatasi barabara, na mtoto akijilamba vidole huna wasiwasi. Haikai siku nyingi, inachacha, ndiyo maana kila Jumamosi wanapika mpya. Tiara ya mtoto wa dada yangu ilibandikwa kwa gundi hiyo, ikapaa ufukweni na kurudi nzima.

Korosho tumezungukwa nazo, lakini maganda ya korosho mbichi hayaruhusiwi kabisa pale, kwa sababu mafuta yake yanababua ngozi. Niliona mtoto kaja nayo mfukoni, mwalimu akayachukua na kuwaeleza wote sababu. Mzazi anayetaka kujaribu nyumbani alijue hilo.

Kwenye ukindu ndipo nilipoona ualimu wenyewe. Watoto wa umri huu huanza na majani mapana ya mnazi, wakasuka kipepeo cha jikoni, ndipo wanapewa ukindu uliochanwa na kuchovywa manjano. Binti yangu alikuwa anavuta kwa nguvu, jani likakatika.

"Bibi, wangu umekatika."

"Umekauka huo, mwanangu. Uloweke kidogo, halafu usiuvute, ulaze."

Bibi hakunyoosha mkono kumsaidia. Alikaa na ukili wake mwenyewe mapajani, akasuka polepole mbele ya mtoto, juu, chini, juu, chini, mpaka mtoto akaona mahali anaporuka. Ilichukua muda mrefu, na mimi mama yake nilikuwa nimeshachoka kusubiri. Lakini kipande kile, chenye mapengo na kingo zilizopinda, alikisuka yeye mwanzo hadi mwisho. Shuleni siku hizi mkazo wa darasa la kwanza na la pili ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na sawa, ndiyo msingi. Ila vidole vinavyosuka na kufinyanga ndivyo hivyo hivyo vinavyoshika penseli, na nimeona mwandiko wa binti yangu umeanza kukaa kwenye mstari.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa mjusi wa Tendaguru, na kwa hiyo peke yake ningelipa mara mbili. Tuna jambo la ajabu katika mkoa wetu na watoto wetu wengi hawalijui. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, ya miaka takribani milioni 150 ilichimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandarini hapa Lindi, mzigo wa zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Huko Berlin mifupa ya yule mkubwa iliunganishwa na kusimamishwa makumbusho mwaka 1937, na kimo chake ni mita 13.27.

Mwalimu hakuanza kwa kueleza hayo. Alikuja na kamba yenye urefu wa kimo hicho. Akaifunga kwenye shina la mwembe, akaivuta hadi karibu na ukuta, akawaambia watoto walale chini kwa kufuatana, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Walilala 11 ndipo kamba ikaisha. Akawaambia, huo si urefu wa mkia, ni kutoka kwenye nyayo mpaka utosini. Niliangalia nyuso zao. Hesabu ya mita kwa mtoto wa miaka saba haina uzito, lakini wenzake kumi na mmoja waliolala mchangani anawaelewa.

Ndipo udongo ukaletwa. Kila mtoto alipewa sehemu yake: huyu mbavu, huyu paja, huyu pingili za shingo. Shingo ilikuwa na pingili 13, zinatengenezwa kama shanga nene na kutungwa kwenye kijiti cha chelewa kilichopindwa. Tundu linatobolewa kubwa kuliko kijiti, kwa kuwa udongo ukikauka unasinyaa na tundu nalo linabana. Kisha vinawekwa kivulini, si juani, maana jua kali linavipasua. Jumamosi iliyofuata mifupa ilifukiwa kwenye mchanga, watoto wakaichimbua taratibu kwa vijiti na miswaki ya zamani, wakaipanga juu ya boksi. Mbavu za huyu zilikuwa nene, za yule nyembamba, mguu mmoja mfupi. Mwalimu akawaambia hata yule wa Berlin hakutoka kwa mnyama mmoja, ameunganishwa kwa mifupa ya zaidi ya mmoja. Hapo waliacha kugombana nani kaharibu.

Mtoto mmoja akauliza kwa nini mjusi wetu yuko Ujerumani. Mwalimu alimjibu waziwazi, bila kuzunguka: walikuwa wanatutawala, wakachukua. Watoto wakanyamaza, halafu wakarudi kwenye udongo wao. Baada ya kazi ya pamoja kila mmoja alitengeneza mjusi wake mdogo wa karatasi na gundi.

Sasa hilo la maonyesho. Mwisho wa muhula wazazi tulialikwa, kazi zimepangwa juu ya meza, zinapendeza. Mjusi wa binti yangu niliufahamu tangu alipokuwa anautengeneza: shingo imelala upande wa kulia, rangi ya kijani imevuka mstari. Pale mezani nilikuta shingo imenyooshwa, rangi imepakwa upya, macho yamechorwa kwa kalamu ya wino kwa mkono wa mtu mzima. Jina lake lilikuwa chini yake. Alisimama akautazama, akaniambia, "Mama, huyu si wangu." Wala hakutaka kuubeba kwenda nao nyumbani.

Niliongea na mwalimu siku ile ile. Alikiri kwamba vijana wasaidizi walipitia kazi usiku wa kuamkia maonyesho, kwa sababu muhula uliotangulia baadhi ya wazazi walilalamika kwamba kazi za watoto wao ni mbaya na ada imekwenda bure. Kwa hiyo lawama hii tunagawana sisi wazazi. Mtoto wa miaka saba akitengeneza shingo iliyopinda, hiyo ndiyo kazi tuliyoilipia. Mwalimu ameniahidi muhula ujao hakuna mkono wa mtu mzima utakaogusa kazi iliyokwisha, nami nitakuwepo kuangalia.

Mikasi nayo ni michache, mingine mikubwa ya fundi cherehani. Mtoto wa dada yangu anatumia mkono wa kushoto, na mkasi wa kawaida unamsumbua, unatafuna karatasi badala ya kukata. Mwalimu alimruhusu achane kwa vidole, na michano yake ikatoa magamba ya mjusi mazuri kuliko yaliyokatwa. Hata hivyo mikasi midogo ya watoto inapatikana, wanunue, na wapate hata mmoja wa mashoto.

Nafasi zinajaa haraka, hasa masika, wanapohamia barazani ambako hapatoshi. Ukitaka kumwandikisha mtoto, mwalimu yupo pale Ijumaa jioni baada ya alasiri. Mvalishe fulana usiyoionea uchungu, manjano hayatoki.